Mjusi ana jina, konokono je?

Najua nimepotea kidogo. Anayenitafuta anikute kimbwetani jirani na maabara, nina jiwe mkono mmoja, kalipa mkono wa pili, na uso kama wa mtu ambaye bumu lake halijaingia. Hapana, sijarogwa. Nipo kwenye projekti ya mwaka wa mwisho, na projekti yenyewe inahusu konokono. Tena si huyu wa bustanini anayetumalizia mchicha. Ni konokono wa baharini walioishi kipindi cha Jurasiki, yaani kati ya miaka milioni 201 na milioni 145 iliyopita, na leo wamebaki mawe.

Mnacheka, nawasikia. Aliyeanza ni jamaa yangu wa chumbani. Siku nilipomwambia mada aliweka chini bakuli la ugali akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, wenzio wote wanakimbilia gesi, wewe unakimbilia konokono? Na mwendo wa konokono unaujua, si utamaliza chuo na miaka arobaini!"

Nilicheka na mimi, maana utani ulikaa vizuri. Ila usiku nililala macho nikijiuliza kama jamaa ana haki. Sasa nimepata jibu, na nalileta hapa ili asiseme nilinyamaza kwa kushindwa. Hoja yangu ni moja tu: kuelezea na kupanga vitu vidogo kama hivi siyo kazi ya waliokosa kazi. Ndiyo kazi inayofanya jiwe ligeuke ushahidi. Na nchi isiyo na watu wa kazi hiyo itabaki kusimuliwa habari za ardhi yake na wengine.

Nianze na kitu mnachokijua wote, yule mjusi wetu wa Tendaguru.

Kilima cha Tendaguru kipo Lindi, kaskazini magharibi ya mji. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba pale, na mamia ya vibarua wa kwetu ndio walioshika majembe. Mifupa ilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Mwaka 1914 mtaalamu wao, Werner Janensch, akampa jina mjusi mkubwa kuliko wote pale. Leo anaitwa Giraffatitan brancai, na mifupa yake imesimamishwa Berlin, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni. Hiyo tunaijua. Kila baada ya muda mjadala unazuka: arudishwe, asirudishwe, tulipwe, tusilipwe. Hata kijiweni kwa muuza kahawa utamkuta mtu ana msimamo.

Sasa nikuulize, mdau. Mwaka huohuo wa 1914, mtaalamu mwingine wa Berlin, Wilhelm Otto Dietrich, alichapisha kazi nzima kuhusu konokono wa matabaka hayohayo ya Tendaguru. Ulishawahi kusikia mtu yeyote akidai konokono warudishwe? Mimi sijawahi. Hakuna anayejua kama walienda!

Na hapo ndipo penye utamu. Pale Tendaguru miamba imepangana kama chapati kwenye sahani. Kuna matabaka matatu yenye mifupa ya mijusi, na kati yake yameingia matabaka yenye viumbe wa baharini. Tabaka la chini kabisa kati ya hayo ya baharini lina jina lake kwenye vitabu vya jiolojia, na jina hilo halikutoka kwa mjusi. Linaitwa tabaka la Nerinella. Nerinella ni nani? Ni konokono! Mwembamba, mrefu, amechongoka kama msumari.

Kwa hiyo konokono ndiye anayekwambia kwamba bahari ilipanda hapo, ikakaa, ikaondoka, mijusi ikarudi, bahari ikapanda tena. Mfupa wa paja la mjusi, hata uwe mrefu kukuzidi wewe, hauwezi kukwambia hayo peke yake. Jamaa wa ukoo wa Nerinella walipenda bahari ya joto yenye maji ya kina kifupi. Ukiwakuta wengi, wazima, ujue ulipo simama palikuwa bahari ya namna hiyo. Bila konokono tungekuwa na mifupa mingi na hadithi nusu.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Haya.

Sasa kazi yenyewe ikoje? Wengi wanadhani unaokota, unaangalia picha kitabuni, unasema "huyu hapa", umemaliza, unaenda kunywa chai. Ingekuwa hivyo ningeshamaliza tangu semista iliyopita.

Kwanza kabisa unahakikisha kwamba uliyemshika ni konokono kweli. Watu wengi wakiona kitu kimejikunja kwenye jiwe la Jurasiki wanaita konokono, kumbe ni ammonaiti, ndugu wa pweza na ngisi. Gamba la ammonaiti limegawanywa vyumba vyumba kwa kuta ndani yake, na mara nyingi limejikunja bapa kama mkeka uliosokotwa. Konokono hana vyumba hivyo, na kwa kawaida gamba lake linapanda juu kama ngazi ya mnara wa msikiti.

Halafu unakuja mtihani wa pili: gamba lenyewe mara nyingi halipo. Magamba ya konokono wengi yametengenezwa kwa aragonaiti, madini yanayoyeyuka kirahisi miaka ikienda. Kinachobaki ni tope lililoingia ndani ya gamba likagandamana kuwa jiwe. Chukua bakuli lenye maua nje, jaza ugali, upoe, kisha pindua. Ugali utakuonesha umbo la ndani la bakuli vizuri kabisa. Maua je? Huyaoni ng'o. Sasa mimi nusu ya mawe yangu ni "ugali" mtupu, na vitabu vinauliza habari za maua!

Ukibahatika ukapata gamba lenyewe, au alama yake ya nje iliyobaki kwenye mwamba, ndipo unakaa chini na daftari. Unapima kimo na upana. Unapima pembe ya ncha. Unahesabu mizunguko. Unaangalia mshono kati ya mzunguko na mzunguko, kama umezama au umeinuka. Unaandika mapambo: kuna mistari inayofuata mzunguko, kuna mbavu zinazokata kutoka juu kwenda chini, kuna vinundu pale vinapokutana. Unaangalia mdomo wa gamba, kama ni duara au umevutwa chini kuwa mfereji. Unatafuta kitovu. Kila kitu kinaandikwa, hata kile unachokiona hakina maana, kwa sababu huenda miaka hamsini ijayo ndicho kitakachotofautisha spishi mbili.

Mfano mzuri ni Pleurotomaria na ndugu zake, waliojaa kwenye bahari za Jurasiki. Ukingo wa mdomo wao una mpasuko, na gamba likikua mpasuko unajiziba nyuma na kuacha utepe unaozunguka gamba zima kama mshono wa kanzu. Alama ndogo sana hiyo. Lakini kwa alama hiyo, mwaka 1856, wataalamu wa Ufaransa walipoelezea konokono aliye hai kutoka visiwa vya Karibea, walijua mara moja kwamba wameshika ndugu wa wale waliokuwa wanajulikana kama mawe tu. Leo tunajua wapo, wanaishi kwenye maji ya kina kirefu. Unaona? Maelezo ya jiwe ndiyo yaliyomtambulisha aliye hai.

Na kuna sehemu nyingine inayonitesa, ile ncha ya juu kabisa. Pale panabaki gamba la utotoni, alilokuwa nalo konokono akiwa bado kiluwiluwi. Mara nyingi halifiki hata milimita moja, na ndilo la kwanza kuvunjika. Jamani, ukilipata zima usherehekee! Kuna konokono ambao gamba la utotoni linazunguka upande mmoja, halafu la ukubwani linageuka na kuzunguka kinyume. Hilo likionekana unajua yuko kwenye kundi kubwa ambalo leo lina konokono wengi wa nchi kavu, akiwemo huyu wetu wa mchicha. Konokono wawili wanaweza kufanana kwa nje kama pacha, lakini gamba la utotoni likasema hapana, hawa hata ukoo hawachangii.

Hapo ndipo yaliponikuta.

Kwenye sanduku la mawe ya mafunzo kulikuwa na mmoja mrefu, mwembamba, mzuri kweli. Mimi nikishaingiwa na hamu ya Tendaguru sikuchelewa, nikaandika kwa kalamu ya wino: Nerinella. Nikaenda kifua mbele kwa msimamizi wangu.

Akasoma, akavua miwani. "Kijana, umeona mikunjo ya ndani?"

"Hapana Dokta, ila umbo lake..."

"Umbo hata tondo analo. Umewahi kula tondo?"

Nikasema nimewahi, Dokta. Kwa msiojua, tondo ni yule konokono mrefu wa kwenye mikoko, watu wa pwani wanamfahamu vizuri kwenye sufuria.

"Basi usije ukaandika tondo naye Nerinella. Piga picha kila upande, pima, halafu kata."

Wadau, ukoo wa Nerinella hutambuliwi kwa sura. Ndani ya gamba, kwenye nguzo ya katikati na kwenye kuta, kuna mikunjo inayozunguka pamoja na gamba, na idadi na umbo la mikunjo hiyo ndilo linalotenganisha jenasi moja na nyingine. Kuiona ni lazima umpasue konokono kwa msumeno wa mawe kuanzia nchani mpaka mdomoni, katikati kabisa. Yaani unaharibu kitu ili ukijue. Mikono ilinitetemeka, sifichi.

Nikakata, nikasugua, nikaweka chini ya lenzi. Ndani laini kama bomba. Hakuna mkunjo hata wa kusingizia.

Konokono warefu wasio na mikunjo wa Jurasiki wapo wa familia kadhaa, na ncha ya wangu ilikuwa imevunjika, maana yake gamba la utotoni hakuna. Nikafuta Nerinella. Nikaandika: konokono mrefu, jenasi haijatambuliwa. Iliniuma! Lakini Dokta alipoona ndiyo siku ya kwanza aliyotikisa kichwa kwa kuridhika. Akaniambia kwenye kazi hii mtu mwenye kuandika "sijatambua" kwa sababu zilizoonekana ana faida kuliko anayeandika jina zuri kwa kubahatisha, kwa sababu jina baya likishachapwa linanukuliwa na wenzake miaka mingi, na kulisafisha ni kazi ya watu watatu.

Kisha akauliza swali lililonimaliza: "Limetoka wapi?"

Nikageuza lebo. Karatasi imeliwa, wino umefifia. Kilichobaki ni neno Jurasiki na tarakimu mbili ambazo hazisomeki. Kijiji hakuna. Tabaka hakuna. Aliyeokota hakuna. Mtu fulani aliwahi kutembea juani, akainama, akagonga, akabeba, akaandika. Sisi tuliokuja nyuma tukaacha mende wakamsoma. Jiwe zuri vile, kwa sayansi limekufa mara ya pili, na safari hii tumeliua sisi.

Ndiyo maana nasema suala hili siyo la konokono tu.

Tazameni kanuni zenyewe. Ukitaka kumpa kiumbe jina jipya la kisayansi, kuna sheria za kimataifa zinazoanzia kwenye kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Jina liwe la maneno mawili, jenasi na spishi. Uandike maelezo yanayomtofautisha na wenzake. Uchague kielelezo kimoja kitakachokuwa shahidi wa jina hilo, na useme kimehifadhiwa wapi. Uchapishe. Na ikitokea wawili wamempa kiumbe mmoja majina mawili, kwa kawaida aliyetangulia kuchapisha ndiye mwenye jina. Kwa hiyo kabla sijasema neno lazima nisome waliosema kabla yangu. Na walikuwa nani? Kwa konokono wa Jurasiki wa huku kwetu, kazi kubwa baada ya Dietrich ni ya Mwingereza L. R. Cox wa London, iliyotoka mwaka 1965. Kwenye jina la kitabu imeandikwa Tanganyika na Kenya, wakati Muungano ulikuwa umeshazaliwa mwaka 1964! Na vielelezo vya mashahidi, vile vya Dietrich na vya Cox, siyo vya kuvifuata kwa daladala.

Silalamiki kwamba waliandika. Wangekuwa hawajaandika nisingekuwa na pa kuanzia, na vitabu vingi vya zamani vya namna hii siku hizi vimeskaniwa, unavisoma bure mtandaoni. Ninacholalamikia ni sisi. Tunapiga kelele mjusi arudi, na mimi sipingi, wenye kuzungumza waendelee kuzungumza. Lakini tuseme kesho meli inatia nanga Lindi na masanduku yote, mjusi na konokono wake. Nani atayapokea? Nani atakayejua kwamba kile kijiwe cha sentimita tatu ni shahidi wa jina, na kikipotea hakina mbadala? Au tutakiweka kwenye droo, mende waje kusoma lebo?

Na msiseme kazi imekwisha kwa sababu Wajerumani walimaliza. Haijakwisha. Mwaka 2019 mifupa ya mkia kutoka Tendaguru, iliyokaa Berlin muda wote huo chini ya jina la mjusi mwingine, iliangaliwa upya ikaonekana ni ya mjusi tofauti kabisa. Ikapewa jina Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje aliyefanya kazi kwenye machimbo hayo. Hakuna aliyechimba upya. Watu walikaa, wakaangalia kwa makini, wakaelezea. Zaidi ya miaka 100 baadaye jina la mtu wetu likaingia kwenye sayansi kwa njia hiyo. Sasa kama mijusi mikubwa vile ilikuwa na jina lisilo lake, konokono je?

Narudi kwa jamaa yangu wa chumbani, maana hoja yake ya ajira siwezi kuikimbia. Ni kweli, kampuni ya gesi haitanipigia simu usiku kuniuliza habari za konokono. Mashine ya kuchoronga inasaga miamba kuwa vipande vidogo, konokono mzima hapiti hapo. Wanachotumia kujua umri wa mwamba ni visukuku vya kuonekana kwa hadubini. Nakubali, hapo kanishinda goli moja.

Lakini yule anayekaa kwenye hadubini anafanya nini? Anaangalia, anapima, anaelezea, analinganisha, anakubali kusema "sijatambua" pale inapobidi. Ni kazi ileile niliyojifunza kwa konokono. Tofauti ni ukubwa wa mgonjwa. Na nikikosa kabisa, basi angalau nitakuwa mmoja wa watu wachache nchini wanaoweza kupokea lile sanduku la kutoka melini bila kuliua.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wa jiolojia, baolojia na akiolojia ni dogo tu. Ukienda fildi ukaruhusiwa kubeba jiwe, andika hapohapo: kijiji, tabaka, tarehe, jina lako. Andika kwa penseli, wino hufifia. Weka nakala kwenye daftari. Dakika mbili tu, bei yake ni sawa na bure. Ukikuta sanduku maabara lebo yake inakufa, inakili kabla haijafa. Mimi na wenzangu wawili tumeanza Jumamosi, masanduku manne tumeshamaliza. Mengine yanatusubiri, njooni na penseli zenu, chai tutachangishana.

Na yule mrefu wangu asiye na jina nimemfungia lebo mpya. Nimeandika ninachokijua: Jurasiki, jenasi haijatambuliwa, mahali hapajulikani, amekatwa na nani na lini. Halafu nikamrudisha sandukuni.

Jamaa yangu jana usiku kaniuliza kama konokono wameshafika. Nimemwambia bado wako njiani, ila wanakuja.

Alamsiki wadau. Tuonane kimbwetani.